Safari ya Kuhesabu Majani, toka Nioka hadi Garamba

Mtu atokaye Mahagi kwenda Nioka asubuhi na mapema, kabla ukungu haujaondoka mabondeni, huviona vilima vya majani vikifuatana kimoja nyuma ya kingine hata macho yakachoka. Akifika na kuulizwa ameona nini njiani, hujibu: "Sikuona kitu, ni majani tu." Jibu hilo tumelisikia mara nyingi, hata vinywani mwa watu waliosoma sana, nalo ndilo lililotusukuma kuandika habari hizi. Maana katika nchi yetu hakuna kitu kikanyagwacho na wengi na kujulikana na wachache kama majani ya porini.

Kwanza yatupasa kueleza mahali penyewe, kwa ajili ya wasomaji wasiopafahamu. Nchi ya Mahagi ni kama mgongo. Mvua inyeshayo upande wa mashariki hushuka kwa haraka hadi ziwa Albert, kule Mahagi-Port, kisha huingia katika mto Nili na kufika Misri. Ile inyeshayo upande wa pili huenda polepole kuelekea mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Juu ya mgongo huo, katika Nioka, umesimama kwenye mita 1,700 na zaidi. Ufukoni mwa ziwa umebakiwa na mita 620 hivi. Mwenye miguu mizuri aweza kushuka toka baridi hata joto kwa siku moja, naye akiwa na macho ataona majani yakibadilika chini ya miguu yake kama vile lugha zinavyobadilika toka kijiji hata kijiji.

Nioka si mahali pageni kwa kazi hii. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha shirika la uchunguzi wa kilimo lililoitwa INEAC, ambalo baada ya uhuru kazi yake ilirithiwa na INERA, nalo liliweka kituo Nioka kwa ajili ya mazao ya nchi za baridi na ya ng'ombe. Sasa, ng'ombe hali mashauri, hula majani. Hivyo ilikuwa lazima majani yajulikane. Mwaka 1949 mtaalamu wa mimea, A. Taton, alichapisha maandiko juu ya jamii za majani ya eneo la Nioka na ubora wake kwa malisho. Angalia neno hilo: jamii. Majani hayaoti ovyo. Huishi kwa ujirani, haya pamoja na yale, kufuata udongo, maji, moto na meno ya wanyama, hata mjuzi akiona mawili matatu aweza kukisia mengine yatakayokuwa karibu.

Twatoa mfano. Yako majani ambayo wataalamu huyaita Themeda triandra, yenye vichwa vyekundu-vyekundu vinavyoinama wakati wa kiangazi. Ng'ombe huyapenda. Mahali yaonekanapo kwa wingi, jua kwamba malisho hayajachakaa. Lakini wakiachiwa ng'ombe wengi mno mwaka baada ya mwaka, hayo mazuri hupungua, na mahali pake hushikwa na majani magumu ambayo mnyama huyapita bila kuyaonja. Kwa mbali kilima ni cha kijani kama zamani. Mchungaji asiyejua huona malisho yapo, akashangaa tu kwamba maziwa yamepungua. Hali kadhalika majani yale ya kuezekea nyumba, yenye ncha kali kama sindano na mizizi itambaayo chini kwa chini, yaitwayo Imperata cylindrica: yakitanda shambani yaeleza kwamba ardhi ile imelimwa na kuchomwa mara nyingi. Na mabingobingo marefu, ambayo Wazungu wameyaita majani ya tembo, hupenda udongo wenye kina na rutuba. Mlimaji mzee ayajua hayo yote bila kitabu, naye huchagua shamba lake kwa kuyatazama.

Tulitaka wanafunzi wetu wayaone mambo haya kwa macho yao, basi tuliwapeleka kilimani na kamba. Njia yenyewe ni nyepesi. Unafunga kamba iwe mraba wa mita moja kila upande, unailaza chini, kisha unaandika kila aina ya mmea uliomo ndani, bila kuacha hata mmoja, na kukadiria kila aina imefunika sehemu gani ya ardhi. Halafu unahamia mbele hatua kadhaa na kuanza tena. Unaendelea hivyo mpaka mraba mpya usikuletee tena mmea mgeni.

Tuliwauliza kwanza, kabla hawajainama, ni aina ngapi zimo ndani ya kamba. Wakasema mbili, mmoja, aliyetaka kuonekana hodari, akasema tatu. Baada ya nusu saa ya kupiga magoti walikuwa wamefikia kumi na nne: majani halisi ya aina tano, na vilivyobaki ni vijimea vya jamii ya kunde vitambaavyo chini, maua madogo, na mche wa mti usiozidi kidole, ambao umechomwa moto kila mwaka na kila mwaka umechipua tena. Mche ule uliwasumbua sana akili. Waliuliza una umri gani. Tuliwajibu kwamba penginepo mzizi wake ni mzee kuliko wao.

Nioka, hata hivyo, ni nchi ya mifugo na mashamba. Hakuna kilima ambacho jembe au kwato haijapita. Tulitamani kuona uwanda ambao kwa miaka mingi haukulimwa wala kulishwa ng'ombe, tena ambao majani yake yaliandikwa zamani, ili ya leo yaweze kulinganishwa na ya jana. Uwanda wa namna hiyo uko kaskazini, nao ni Mbuga ya Taifa ya Garamba.

Njia yetu ilipita Aru, Ariwara na Faradje. Juu ya barabara hatutasema mengi, maana kila msafiri wa pande hizi ana hadithi yake ya matope, na yetu haizidi za wengine. Jambo moja tu lastahili kutajwa. Kutoka nyanda za juu karibu na mpaka wa Uganda huanza mto Kibali, ambao hukimbia magharibi hadi mji wa Dungu, na hapo huungana na mto Dungu kuwa Uele. Mto Garamba, uliotoa jina kwa mbuga, humwaga maji yake katika huo Dungu. Hivyo sisi watu wa nyanda za juu na wao watu wa uwanda, Walogo wa Faradje na Wazande wa Dungu, twanywa mito inayokutana.

Mbuga ya Garamba ilianzishwa tarehe 17 Machi 1938, nayo ni kati ya mbuga za kwanza katika Afrika. Ukubwa wake wakaribia kilomita za mraba 5,000. Mwaka 1980 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Makao yake makuu yako Nagero, ukingoni mwa Dungu, na ng'ambo ya mto ndiko uwanda unakoanza. Lazima kuomba ruhusa na kwenda na askari wa mbuga, na ni vyema iwe hivyo.

Tulipovuka tuliona bahari. Hatuna neno jingine. Upande wa kusini wa mbuga miti ni michache, imesimama mbalimbali kama watu waliokosana: mwegea wenye matunda marefu yaning'iniayo kama mitungi, mfuu, na mingine. Kati ya mti na mti ni majani, hasa yale ya ukoo wa Hyparrhenia na Loudetia, ambayo mwisho wa mvua humpita mtu mrefu, na mahali pengine humpita hata akisimama juu ya mabega ya mwenziwe. Ukiingia ndani huoni mbele wala nyuma. Kandokando ya vijito ni msitu mwembamba wa kijani kizito, na penye maji yaliyotuama ni mafunjo. Kuelekea kaskazini, ambako mipaka ya mbuga hufika Sudani Kusini, ardhi huinuka na miti huzidi.

Toka mwaka 1949 hata 1952 msafara wa wataalamu chini ya uongozi wa Henri De Saeger ulikaa katika uwanda huu kuandika kila kilicho hai: wadudu, ndege, samaki, nyoka, na mimea. Mtaalamu wa mimea, Georges Troupin, alitoa kitabu cha mimea ya Garamba mwaka 1956. Mimea ya mbuga hii hukadiriwa kuwa kama aina 1,000. Fikirini, wasomaji wapenzi, kazi iliyomo katika hesabu hiyo. Kila mmea hutafutwa ukiwa na ua au mbegu, maana bila hivyo haujulikani kwa hakika. Hung'olewa pamoja na mzizi. Hulazwa kati ya magazeti na kubanwa kwa mbao. Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke bila kuoza. Kisha huandikwa kikaratasi: mahali, tarehe, udongo wa namna gani, urefu wa mmea, rangi ya ua (maana ua likikauka hupoteza rangi), na jina la wenyeji. Mmea usio na kikaratasi ni majani makavu, hauna faida kwa yeyote. Mimea ya Kongo iliyokusanywa hivyo imehifadhiwa kwa wingi katika bustani ya Meise huko Ubelgiji, na hapa kwetu katika Yangambi, ambako mna mikusanyo zaidi ya 100,000.

Juu ya jalada la kitabu huwekwa jina la mwandishi. Lakini ni nani aliyemwonyesha kijito, aliyejua mmea fulani huchanua lini, aliyemwambia jina lake? Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa na kupigwa chapa Ulaya. Mwana wa Faradje atakaye kujua majani ya nyumbani kwao aweza kumaliza shule bila kukiona. Twaona jambo hili si haki, ingawa twakishukuru kitabu.

Sasa tuje kwenye moto. Hapa watu wengi hukosea kwa pande mbili. Wengine husema moto ni adui wa porini, basi uzuiwe kabisa. Wengine huchoma wakati wowote wanaopenda, kwa kuwinda panya au kwa mchezo tu. Uwanda wa majani marefu hauko vile kwa bahati. Garamba hupata mvua ya kutosha kuotesha miti mingi. Kama ukiachwa bila moto na bila wanyama wakubwa, miti ingesonga mbele na majani yangerudi nyuma. Huko Olokemeji, katika Nijeria, mwaka 1929 walitenga viwanja vitatu: kimoja kikachomwa mwanzo wa kiangazi, kingine mwisho wa kiangazi, na cha tatu hakikuchomwa kamwe. Baada ya miaka thelathini hivi kile kisichochomwa kilikuwa kichaka kizito cha miti, na kile kilichochomwa mwisho wa kiangazi kilibaki majani na miti michache migumu. Sababu ni kwamba mwanzoni majani bado yana unyevu, moto ni mpole na huacha viraka. Mwishoni yamekauka kabisa, moto ni mkali, nao huua miche.

Jani lenyewe haliogopi. Mahali linapokulia ni chini, karibu na ardhi au ndani yake, ambapo moto hupita juu kwa haraka bila kuligusa. Ndiyo maana siku chache baada ya moto, hata kabla mvua haijanyesha, ardhi nyeusi huanza kutoa sindano za kijani. Na mbegu zake zina akili ya ajabu. Mbegu ya Hyparrhenia ina mkia mrefu uliosokotwa. Ukiulowesha kwa mate kidogo na kuushika, wajisokotoa wenyewe kiganjani; ukikauka, wajisokota tena. Kwa kulowa na kukauka hivyo mbegu hujichimbia udongoni kama keekee ya seremala, ikawa salama moto unapokuja. Kila mtoto wa shule aweza kujaribu jambo hili, na gharama yake ni mate tu.

Wanyama nao ni wakulima wa uwanda. Tembo huvunja na kung'oa miti. Kiboko hutoka majini usiku kulisha. Na kifaru mweupe, mwenye mdomo mpana uliokatwa mraba, hukata majani chini kabisa, hata mahali pake pa kulishia hugeuka kiwanja cha majani mafupi, ambako wanyama wadogo na ndege hupata nafasi, na ambako moto hukwama kwa kukosa kuni. Garamba ilijulikana duniani kwa ajili ya kifaru huyo wa kaskazini. Karibu na mwaka 1960 walikuwapo zaidi ya 1,000. Ulipokuja uasi wa mwaka 1964, na baadaye wawindaji haramu, waliuawa hata mwaka 1984 wakabaki kama 15. Kwa ulinzi mkubwa waliongezeka kidogo, wakafikia 30 hivi mwanzoni mwa karne hii. Kisha vita na biashara ya pembe vikawamaliza. Tangu miaka ya 2006 na 2007 hakuna aliyeonekana tena. Dume la mwisho la ukoo ule lililokuwa likifugwa, jina lake Sudan, lilikufa Ol Pejeta nchini Kenya mwaka 2018.

Watu nao waliteseka. Tarehe 2 Januari 2009 waasi wa LRA waliivamia Nagero, wakaua na kuchoma. Askari wa mbuga waliokufa kazini katika miaka hiyo ni wengi, nao wameacha wajane na watoto katika vijiji vya Faradje na Dungu. Tulipopita kati ya majani marefu nyuma ya askari wetu, tulifahamu kwa nini hakuzungumza, na kwa nini alisimama mara nyingi kusikiliza.

Mwezi wa Juni 2023 vifaru weupe 16 waliletwa Garamba toka Afrika Kusini kwa ndege na malori. Hawa ni wa ukoo wa kusini, binamu wa wale waliokwisha. Watu walishangilia, nasi pia. Lakini swali tulilolibeba toka Nioka ndilo hili: walikuta nini mezani? Wanyama waliouawa hawarudi, bali majani yalikuwapo. Katika miaka yote ya bunduki hayakukimbia. Wataalamu waweza kuchukua maandiko ya mwaka 1949 hata 1952, kusimama mahali palepale, kulaza kamba, na kusema: hili lilikuwapo, hili ni geni, hapa miti imeongezeka. Kama wale wa kwanza wasingepiga magoti na kuandika, leo tungesema tu kwamba ni majani, na tusingejua tumepoteza nini au tumebakiwa na nini.

Karibu na Faradje tulimkuta mzee mmoja akitengeneza paa la ghala yake. Tulimwamkia na kumwomba atuambie ni majani gani anayotumia. Alicheka kwanza. "Waalimu mwauliza majani?" Kisha akashuka, akatuongoza nyuma ya nyumba, na katika hatua zisizozidi thelathini akatuonyesha aina tisa, kila moja na jina lake kwa Kilogo na kazi yake: hili la paa, kwa kuwa halishiki maji, hili la kufungia, hili la kufagia, hili mbuzi akila huharisha, hili lilioteshwa na nani hajui, alipokuwa mtoto halikuwapo. Wajukuu zake wawili, wanafunzi wa sekondari, walisimama pembeni. Tuliwauliza wao wayajua mangapi. Wakamtazama babu, wakatazama chini. Walijua mawili, la paa na la mbuzi.

Mzee hakuwakasirikia. Alisema siku hizi wenye uwezo hununua mabati, na mtoto hatumwi tena kukata majani, basi atajifunzia wapi? Neno lake ni kweli, wala hatuwezi kumlaumu anayeweka bati juu ya nyumba yake; hata sisi tumelala chini ya bati. Lakini lile jani geni alilotuonyesha, lililofika katika maisha yake, halimo katika kitabu chochote tulichonacho. Habari yake iko katika kichwa cha mtu mmoja mwenye miaka themanini.

Tuliporudi tuliwagawia wanafunzi wa darasa letu karatasi zenye mistari mitano: jina la mmea kwa lugha ya nyumbani, mahali unapoota, kazi yake, nani aliyekwambia, na tarehe. Waalur wataandika kwa Kialur, Walendu kwa Kilendu, Wahema kwa Kihema; jina la kisayansi litafuata baadaye, kwa msaada wa wenye ujuzi. Tumewaagiza waanze na mama wakata majani, kwa kuwa wao huijua mimea ingali imesimama, nao wengi huenda vilimani kuanzia Desemba hadi Februari, kabla moto haujapita. Wanafunzi wanaokaa upande wa Mahagi-Port wana kazi kubwa kuliko wenzao, maana kwao mteremko ni mrefu na majani hubadilika mara kwa mara. Hao tumewapa karatasi mbili.